Ukumbi wa Video wa Kirumba na Ubishi wa Filamu za Zamani na za Sasa

Ukumbi ninaouandikia uhakiki huu uko Kirumba, jijini Mwanza, katika mitaa iliyo jirani na soko la samaki la Mwaloni, na hauna bango wala jina la biashara lililoandikwa ukutani. Wakazi huuita "kwa Mama" na mgeni akiuliza hivyo huonyeshwa njia. Kwa nje ni banda umiza kama mengine mengi ya mitaani kwetu: kuta za matofali, paa la bati, mlango wenye pazia zito jeusi, na ubao wa chaki unaotaja mechi na filamu za siku hiyo. Tofauti yake ni utaratibu ambao sijaukuta kwingine mjini. Kila Ijumaa usiku mwenye ukumbi huonyesha filamu mbili za aina moja, ya kwanza ya zamani na ya pili ya miaka hii ya karibuni, kwa kiingilio kimoja cha shilingi 1,000, na mtafsiri husimama pembeni ya kitambaa akiwa na kipaza sauti muda wote. Utaratibu huo ulitokana na ubishi wa wateja wenyewe, waliokuwa wakilumbana kila jioni mlangoni kama filamu na tamthilia za siku hizi zimeshuka ubora au ni wazee tu wanaosifia ujana wao. Mama mwenye ukumbi akaona ni heri watu watazame kwanza, ndipo wabishane.

Niseme mapema msimamo wangu. Filamu za siku hizi hazijashuka kwa ubora wa picha, na waigizaji hodari hawajapungua. Kilichoshuka ni uandishi, na umeshuka kwa sababu inayoeleweka: kazi nyingi za sasa zinaandikwa zikimlenga mtu ambaye macho yake yako kwenye simu. Ukumbi huu unalidhihirisha jambo hilo kuliko sebule yoyote, kwa kuwa watu waliolipa kiingilio na kuketi gizani wanataka wapewe kitu cha kutazama, na wasipopewa hawanyamazi.

Kuhusu mazingira sina maneno mengi. Mabenchi ya nyuma yana egemeo na ya mbele hayana, na vijana huyapenda ya mbele hata hivyo. Projekta imefungwa kwenye boriti ya paa badala ya kuwekwa juu ya meza, kwa hiyo mtu akiinuka kwenda nje kivuli chake hakipiti juu ya picha. Kitambaa kimevutwa kikakaza, na ni kisafi. Umeme ukikatika, jenereta iliyo nyuma ya ukumbi huwashwa na filamu hurudishwa nyuma kidogo hadi pale ilipokatikia, heshima kwa mteja ambayo kumbi nyingi haziijali. Bisi na karanga huuzwa mlangoni na kuruhusiwa ndani. Mihogo ya kukaanga huliwa nje, kwa ajili ya mafuta.

Anayeufanya ukumbi huu uwe na thamani ya pekee ni mtafsiri. Kazi ya kutafsiri filamu kwa mdomo ina historia ndefu katika ukanda wetu. Ng'ambo ya ziwa, watafsiri wa Kampala wamekuwa watu mashuhuri kwa miaka mingi, na hapa Tanzania jina la Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, linafahamika kwa wengi waliokulia katika vibanda vya video. Mtafsiri mzuri hafuati maneno tu. Humpa kila mhusika sauti yake, hukumbusha ni nani aliyeingia na ana deni gani na nani, huonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na pale ambapo filamu imenyamaza kwa makusudi, naye hunyamaza, au husema sentensi moja inayofungua maana. Mtafsiri wa Kirumba ni mwanamume wa makamo ambaye wateja wote, wakubwa na wadogo, humwita Mwalimu, na jina hilo analistahili.

Nieleze usiku mmoja ambao ulinionyesha tatizo lote kwa ukaribu. Filamu ya kwanza ilikuwa ya zamani, ya Hong Kong, ya kisasi. Mwanafunzi anarudi chuoni kwake usiku, anaviona viatu vya mkufunzi wake mlangoni, kimoja kikiwa kimelala ubavu, naye anasimama bila kusema neno, huku kamera ikibaki usoni pake kwa muda mrefu. Mwalimu alisubiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wake hakuwahi kuacha viatu namna hiyo," na ukumbi mzima ukajua kwamba ndani kuna msiba. Filamu ya pili ilikuwa ya kisasi vilevile, ya miaka hii ya karibuni. Steringi anaingia chumbani, anaiona picha ya kaka yake juu ya meza, na papo hapo anatamka kwamba hiyo ni picha ya kaka yake. Anampigia simu mwenzake na kumweleza kwamba ameikuta picha ya kaka yake. Katika tukio linalofuata, mkuu wake anamuuliza kama ni kweli ameikuta picha ya kaka yake. Mwalimu alitafsiri mara ya kwanza kwa ukamilifu, akatafsiri mara ya pili kwa kifupi, na mara ya tatu akakishusha kipaza sauti. Sauti ikatoka mabenchi ya mbele: "Mwalimu, hiyo tumeshaipata, songa mbele!"

Kijana aliyepaza sauti ile alikuwa amefanya uhakiki sahihi kabisa. Filamu ya kwanza ilimwamini mtazamaji na kumwachia kazi ya kuunganisha viatu na msiba. Ya pili ilimdhania kwamba hayupo. Nilipozungumza na Mwalimu baada ya onyesho, alinieleza kwamba kwa filamu nyingi za sasa hutayarisha maelezo machache sana, kwa kuwa wahusika wenyewe wameshajieleza, na kazi inayobaki kwake ni kutafuta namna ya kutorudia. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kueleza kile ambacho picha imekificha, huo ni ushahidi mzito.

Hali hiyo ina walioitengeneza. Mwishoni mwa mwaka 2024 vyombo vya habari vya Marekani na Uingereza viliripoti maelezo ya waandishi wa filamu waliofanya kazi na Netflix, kampuni inayoonyesha filamu mtandaoni kwa usajili, kwamba agizo walilokuwa wakipewa mara kwa mara ni kumfanya mhusika atangaze anachokifanya, ili mtu aliyeiwasha filamu huku akishughulika na mambo mengine aweze kuifuata. Zamani mtayarishaji alipimwa kwa tiketi, na mtu aliyekata tiketi alikuwa ameshakubali kutazama. Leo anapimwa kwa saa ambazo filamu imewashwa na kwa idadi ya wateja waliobaki na usajili wao, hata kama nusu ya muda huo walikuwa wakisoma ujumbe wa simu. Kipimo kikibadilika, maandishi nayo hubadilika.

Wingi nao umechangia. Kwa hesabu iliyokuwa ikitolewa kila mwaka na kituo cha televisheni cha FX, Marekani ilitoa tamthilia za kuandikwa 599 katika mwaka 2022, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla, yaani zaidi ya kumi na moja kwa kila wiki. Msimu wa tamthilia ya televisheni ambao zamani ulikuwa na sehemu 22 au zaidi umekuwa wa sehemu nane au kumi, na kati ya msimu na msimu unaweza kupita muda mrefu kiasi kwamba mtazamaji amesahau nani alimwoa nani. Mwaka 2023 waandishi wa Marekani waligoma kwa siku 148, kuanzia tarehe 2 Mei, na miongoni mwa malalamiko yao lilikuwa hili la vyumba vya uandishi vilivyopunguzwa watu na muda, ambamo mwandishi huajiriwa kwa wiki chache na kuondoka kabla kamera hazijawashwa. Mwandishi ambaye hayupo siku ya kupiga picha hawezi kuona kwamba uso wa mwigizaji umeshasema kila kitu na kwamba sentensi iliyobaki ifutwe. Ninaamini hapo ndipo penye jeraha lenyewe, na ninasikitika kuona lawama zikitupwa kwa waigizaji.

Jumamosi alasiri ni zamu ya watoto, na kiingilio chao ni shilingi 300. Moja ya maonyesho bora niliyoyaona hapo lilikuwa la filamu ya simba ya kampuni ya Disney, iliyochorwa kwa mkono na kutolewa mwaka 1994, ikifuatiwa na ile ya mwaka 2019 iliyotengenezwa upya kwa kompyuta chini ya mwongozaji Jon Favreau. Ya kwanza ina dakika 88 na ya pili ina dakika 118, na hadithi ni ileile. Ya pili ni maajabu ya ufundi. Mwongozaji mwenyewe alieleza kwamba katika filamu nzima kuna picha moja tu iliyopigwa kwa kamera mahali halisi, nayo ni ya jua linapochomoza mwanzoni, na kila unyoya na kila jani lililobaki ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Watoto wa Kirumba walipiga kelele za mshangao kwa dakika kama kumi za kwanza. Baadhi yao wameshapelekwa Serengeti na shule zao, kwa kupitia geti la Ndabaka kwenye barabara ya Musoma, na walisema kwa haki kwamba simba wale ni simba kweli.

Kisha ikaja sehemu ambayo mtoto wa simba anajaribu kumwamsha baba yake aliyekufa. Katika filamu ya 1994 mchoraji ameinua nyusi za mtoto yule, akamfinya mdomo, akayalaza masikio yake, na machozi yanaonekana. Watoto waliokuwa mbele yangu waliacha kutafuna bisi, na msichana mmoja mdogo alihama benchi kwenda kukaa karibu na dada yake. Katika filamu ya 2019 uso wa simba ni uso wa simba, na simba hana nyusi za kuinua. Sauti inalia lakini uso umetulia. Watoto walitazama kwa adabu, na wawili watatu wakaanza kuzungumza. Dakika thelathini zilizoongezwa hazikuleta jambo jipya la kumfanya mtu amwonee huruma yule yatima zaidi ya alivyoonewa mwaka 1994. Ninaitaja kwa kirefu kwa sababu hapa hakuna kisingizio cha bajeti wala cha vipaji: fedha zilikuwepo, mafundi walikuwepo, hata mwigizaji James Earl Jones aliyetoa sauti ya baba katika filamu ya kwanza alirudi katika ya pili. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza ni kwa nini hadithi hii isimuliwe tena na ni kitu gani kipya kitakachosemwa.

Swali hilo haliulizwi mara nyingi siku hizi. Filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani mwaka 2024 zilikuwa karibu zote ni mwendelezo wa filamu zilizotangulia au historia ya wahusika wanaojulikana tayari, ikiwemo nyingine ya ukoo uleule wa simba. Mwenye fedha anaogopa jina jipya, na woga huo ninauelewa kibiashara, lakini mtazamaji anayezaliwa leo anastahili naye kupata wahusika wa zama zake.

Usiku wa filamu za ngumi ndio unaojaza ukumbi kupita kiasi, na hapo ubishi huwa wa kitaalamu kwelikweli. Vijana wa mazoezi wanaokaa mbele hawakubali kudanganywa. Bruce Lee, katika filamu zake za miaka ya 1971 hadi 1973, alipigwa picha kwa mbali, mwili mzima ukiwa ndani ya fremu, na kamera ikatulia ili mguu uonekane ulikotoka na ulikofika. Mtafiti James Cutting wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyezipima filamu za Marekani za vipindi mbalimbali, alikuta kwamba urefu wa wastani wa picha moja kabla ya kukatwa ulipungua kutoka sekunde 12 hivi mwaka 1930 hadi sekunde mbili na nusu hivi katika miaka ya karibuni. Filamu moja ya mapigano ya mwaka 2014, ambayo ni sehemu ya tatu ya mfululizo wake, ilipata sifa mbaya kwa kuonyesha steringi akiruka uzio mmoja kwa mikato zaidi ya kumi ndani ya sekunde chache. Ilipofika hapo ukumbini, kijana mmoja aliomba irudishwe, ikarudishwa, na wote wakahesabu kwa sauti. Hakuna aliyeweza kusema kama mtu yule aliruka uzio kweli.

Haki inataka niseme upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2014 ilitoka filamu ya kwanza ya mfululizo wa John Wick, na aliyeuongoza mfululizo huo, Chad Stahelski, alikuwa zamani mwigizaji mbadala wa Keanu Reeves, steringi wa mfululizo huo, katika matukio ya hatari ya filamu ya The Matrix ya mwaka 1999. Mtu aliyewahi kuanguka kwa ajili ya kamera anajua thamani ya kuiacha kamera itazame, kwa hiyo alimfundisha mwigizaji wake kwa miezi, akapiga picha ndefu zenye nafasi, na mabenchi ya mbele yalisimama kwa heshima ileile wanayompa Bruce Lee. Kwa hiyo anayesema kwamba ufundi umekufa hajatazama vya kutosha. Ufundi upo pale ambapo mwenye kazi ameruhusiwa kutumia muda.

Wazee wa ukumbini nao wana la kujibu, na nimelisema mbele yao bila kuwakosea adabu. Nyuma ya meza ya Mama kuna rafu ya DVD za zamani zilizorundikwa tangu enzi za kukodisha, na majalada ya chache sana ndiyo yaliyochanika kwa kushikwashikwa. Mamia yaliyobaki yana vumbi na hakuna anayeyaomba, kwa sababu yalikuwa mabaya tangu siku ya kwanza. Tunapoisifu zamani tunazisifu zile chache zilizochanika. Hata filamu zetu za Bongo za enzi ya kanda na DVD, ambazo ninazipenda na ambazo kifo cha Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012 kiliziachia pengo kubwa, zilikuwa na kasoro ya kuvutwa. Hadithi iliyotosha saa moja na nusu iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe diski mbili, na mtazamaji akalazimika kuangalia gari likitoka getini, likipita barabara nzima, likiingia geti jingine, na mtu akishuka na kupanda ngazi mpaka wimbo uishe. Ule ulikuwa uandishi unaotii soko, sawa na huu wa sasa unaoitii simu. Tofauti iliyopo ni kwamba ile ya zamani ilikosa fedha, na hii ya sasa fedha inazo.

Siku za kazi alasiri, kabla ya filamu, ukumbi huwashwa king'amuzi na akina mama wa sokoni huja kutazama tamthilia za Kiswahili kwa shilingi 200. Hapa maoni yangu ni ya matumaini zaidi. Mtu anayekumbuka sauti za upepo ndani ya kipaza sauti na nyuso zilizoungua kwa taa katika kazi za miaka ya 2000 hawezi kukana kwamba picha na sauti za tamthilia zinazoonyeshwa sasa katika chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zimepanda kwa kiwango kikubwa, na waigizaji wanalipwa kufanya kazi mwaka mzima, jambo ambalo halikuwepo. Udhaifu uko palepale penye maandishi. Wahusika hukaa kwenye makochi na kusimuliana mambo ambayo tungependa kuyaona yakitendeka, na siri moja hubebwa wiki hadi wiki kwa sababu tu hakuna aliyegonga mlango kwa wakati. Inawezekana kufanya vizuri zaidi kwa Kiswahili, na imeshafanyika: filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na ndani yake kuna watu wanaonyamaza, wanaotazamana, na wanaoeleweka.

Sehemu moja ya malalamiko ya wateja, hata hivyo, haihusu filamu bali vifaa. Wengi hulalamika kwamba filamu za sasa ni giza na maneno hayasikiki, na wana haki, lakini chanzo si kimoja. Mwezi wa Aprili 2019, sehemu ya vita vya usiku katika msimu wa mwisho wa Game of Thrones ilizua malalamiko dunia nzima kwamba haionekani, na mpiga picha wake, Fabian Wagner, akajibu kwamba watu wengi hawajui kurekebisha televisheni zao. Jibu hilo lina ukweli, ingawa mimi naona fundi anayejua kwamba kazi yake itatazamwa sebuleni anapaswa kuipimia sebuleni pia. Sauti za sasa hutengenezwa kwa ajili ya kumbi zenye spika nyingi zilizosambazwa hadi darini, na zikibanwa katika spika mbili nyembamba za televisheni ya ukutani, maneno huzama chini ya muziki na milipuko. Kirumba giza la ukumbi huisaidia picha, na Mwalimu huyaokoa maneno. Nyumbani hakuna wa kuyaokoa, ila kuna jambo moja ambalo kila mwenye televisheni mpya anaweza kulifanya leo: afungue mipangilio ya picha na kuzima ile ya kulainisha mwendo. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na mpangilio huo hubuni fremu za kati na kuifanya filamu ya gharama kubwa ifanane na kipindi kilichorekodiwa studio. Tom Cruise mwenyewe alitoa video mwezi wa Desemba 2018 kuwasihi watazamaji wauzime.

Sasa kasoro za ukumbi, kwa kuwa sifa peke yake haimsaidii mteja. Spika ya kushoto inakwaruza sauti ikipanda, na Mama ameahidi kuibadilisha. Mlango ni mmoja kwa watu wote wanaoingia na kutoka, na katika usiku wa ngumi hilo linanitia hofu ya kweli. Mlango wa pili upande wa jenereta ufunguliwe kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya spika. Feni zilizopo hazitoshi miezi ya joto. Siku za mechi kubwa filamu huahirishwa bila taarifa mapema, na mtu aliyetoka Igoma au Buhongwa kwa daladala mbili hukuta watu wanashangilia magoli.

Kasoro nzito kuliko zote ni ya haki za waliotengeneza. Kibali cha kuendesha ukumbi kinaning'inia ukutani, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, lakini kibali cha ukumbi si malipo kwa mwenye filamu, na sehemu kubwa ya kinachoonyeshwa hufika kwa flashi. Mtu hawezi kulilia uandishi uliodhoofika huku akiridhika mwandishi asipate chochote. Nimemwambia Mama kwamba ningelipa shilingi 2,000 bila kunung'unika kama usiku mmoja wa kila mwezi ungetengwa kwa filamu ya Kitanzania iliyonunuliwa kihalali kutoka kwa watengenezaji wake, nao wakaalikwa kuketi nyuma kabisa, wasikilize mabenchi ya mbele yanasema nini na yananyamaza wapi. Hakuna darasa la uandishi lililo bora kuliko hilo. Hakukataa, aliuliza awasiliane na nani, na wateja kadhaa waliokuwa mlangoni wakaanza kutaja majina ya waongozaji wanaowafahamu hapa Mwanza. Wasomaji wenye filamu zao wenyewe wamfuate moja kwa moja, kwani hupatikana ukumbini kuanzia saa tisa alasiri.

Kwa anayetaka kwenda: ashuke kituo cha daladala cha Kirumba sokoni na aulize kwa Mama. Filamu ya kwanza ya Ijumaa huanza saa moja na nusu usiku, ya pili huanza kama saa tatu na nusu, na mabenchi yenye egemeo huwa yamejaa kabla ya saa moja. Mwenye watoto aende Jumamosi alasiri, aepuke mabenchi yaliyo chini ya spika ya kushoto, na abebe maji yake. Mwalimu huwa hayupo wiki ya mwisho ya mwezi, na bila yeye siwezi kushauri mtu alipe kiingilio kamili.